Mwaka Niliofunga Mdomo

Watu wa mtaa wetu wa Nyakato wakinisifu kwamba nimefaulisha watoto wengi, huwa naitikia tu. Hawamjui yule niliyekaribia kumpoteza.

Nilikuwa nimemaliza digrii ya ualimu wa hesabu, ajira naisikia redioni, naishi chumba cha kupanga hapa Musoma. Nyumbani Butiama walishachoka kuniuliza naanza kazi lini. Nikawa nafundisha tuisheni nyumba kwa nyumba, na nilikuwaga najiona kweli. Mwanafunzi wangu wa kila siku alikuwa binti wa kidato cha pili, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mama yake anauza dagaa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha, na mtoto alikuwa naye huyo mmoja tu.

Mwaka wa kwanza binti alifeli mtihani wa taifa. Hesabu F. Mama alikuja kwangu ndala zimejaa matope ya ziwani, hakukaa, akauliza, "Mwalimu, shida ni nini?"

Nikajibu bila hata kufikiri. "Mama, mwanao mvivu. Hapa nyumbani anaelewa yote, akifika kwenye mtihani anazubaa. Hajitumi."

Akatikisa kichwa, akaondoka. Mimi nikalala usingizi wangu mnono.

Sheria ilijulikana: kidato cha pili unarudia mara moja tu. Ukifeli tena, shule basi. Na mama alishatuambia wote wawili kitakachofuata. Binti angeenda Bunda kwa mama yake mkubwa, akamshikie kibanda cha dagaa. "Sina maneno mengi," alisema. "Shule siyo ya kila mtu."

Tukaanza upya, kwa mtindo ule ule. Nilifundisha nilivyofundishwa mimi, na ndivyo tulivyofundishwaga wote huku: mwalimu anaanza neno, mwanafunzi anamalizia. "Saba inavuka alama ya sawasawa, inakuwa maina...?" "Si!" "Sasa tunagawanya kote kwa ta...?" "Tu!" Binti alikuwa ananidaka kila neno, hakosei hata mara moja. Nikitoka pale natembea kwa madaha, najiambia mwaka huu hatufeli.

Moko, ule mtihani wa majaribio, ikaja mwezi wa nane. Alipata kumi na moja kwa mia.

Niliishika ile karatasi, nikaipitia. Swali la kwanza lilikuwa lile lile tulilofanya Jumamosi, namba tu zimebadilishwa. Kanakili swali, kaandika alama ya sawasawa, basi, hakuna kingine. Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Nikamwekea swali hilo hilo mezani.

"Fanya. Leo sisemi neno."

Nikanuna, mikono kifuani. Akanakili swali. Akaandika sawasawa. Halafu akainua macho, akaniangalia mdomoni. Siyo machoni, mdomoni. Kalamu iko juu ya karatasi, naye anasubiri midomo yangu kama mtu anayesubiri gari stendi. Dakika ikapita, ikapita nyingine, mkono wake haukushuka.

Ndipo nikaelewa. Mtoto huyu hajawahi kufanya hesabu hata moja mbele yangu. Zote nilikuwa nazifanya mimi, yeye ananiwekea mkia wa neno. Mwaka na nusu! Halafu mimi ndiye niliyekwenda kumwita mvivu.

Sikumwambia mtu. Niliona aibu, nikajifanya nimebadilisha ratiba tu. Kila siku saa kumi kamili anakaa mezani na maswali matano, mimi nakaa kibarazani nimempa mgongo. Anaandika peke yake mpaka amalize au akwame. Akikwama, anaandika kwa maneno yake amekwama wapi. "Hapa sijui kwa nini saba inahama." Ndipo naingia, na nikiingia namuuliza, simjibu.

Wiki ya kwanza alilia kila siku. Wiki ya pili hakulia tena, ila alikuwa ananijibu kwa mkato kama tumegombana. Ukurasa unarudi mtupu. Novemba ilikuwa inakuja mbio, nami usiku nilikuwa nageuka tu kitandani, nahesabu wiki zilizobaki.

Siku moja mama akarudi mapema. Akanikuta kibarazani nimekaa kimya, mwanawe ndani anavuta kamasi.

"Mwalimu, siku hizi unafundishaga kwa kunyamaza?"

"Nivumilie, mama."

"Mwenzio wa kule barabarani anafundisha mpaka sauti inakauka, nasikia hadi huku. Wewe umekaa unaota jua."

"Nipe wiki mbili."

"Na akifeli?"

Nikasogeza miguu apite. Akasonya, akapita ndani. Kumpoza kulikuwa rahisi mno: ningerudi kwenye maina na ta, binti aitikie, mama akiwa jikoni asikie, roho yake itulie. Nilitamani kufanya hivyo, tena sana. Nikabana mdomo.

Kisha nikapata msiba Suguti, nikachelewa kurudi. Nilifika saa kumi na moja na robo, nina hakika nitamkuta kwenye simu. Nikamkuta mezani. Maswali yote matano yamefanywa, mawili amekosa, na pale alipokosa amepiga mstari mwenyewe na kuanza upya. Aliponiona mlangoni alinyoosha kiganja.

"Madam, subiri kwanza."

Nikasubiri nimesimama, mkoba begani. Hakunitazama tena mpaka alipomaliza.

Matokeo yalitoka mwezi wa kwanza, niko Butiama kwa wazazi. Ukurasa unazunguka tu, haufunguki. Nikatembea na simu juu hadi barabarani. Amefaulu. Hesabu C. Nililia pale pale, wapita njia wakanipa pole wakidhani nimefiwa.

Jumapili niliporudi, mama alikuja kwangu na sato watatu wakubwa kwenye karai, binti yuko nyuma yake. Mara hii alikaa. Alinishukuru mpaka nikaona vibaya, kisha akacheka.

"Mwalimu, wewe unawajua watoto. Mwaka jana uliponiambia huyu mvivu, nilimchapa mpaka fimbo ikavunjika. Nikaona haitoshi, nikachuma nyingine. Kumbe dawa ilikuwa inaingia pole pole."

Binti alikuwa anaangalia sakafu. Sikujua. Haki ya Mungu, sikujua. Ningeweza kucheka naye, nikapokea samaki wangu, yakaisha.

"Mama," nikasema, "hakuwa mvivu. Mimi ndiye sikumfundisha. Nilikuwa namfanyia hesabu, yeye anaitikia tu. Nilikudanganya bila kujua, na nilipojua nikanyamaza."

Kicheko kikamwisha usoni. Alilisukuma karai pembeni kidogo. Hakunitukana, na ningependa angenitukana. Aligeuka akamtazama mwanawe.

"Na wewe nakuchapa, hukusema kitu."

"Ningesema nini, mama?" binti akajibu. "Madam alikuwa ameshasema."