Risiti za Jina la Finlay

Dolina binti Finlay bin Torquil bin Angus. Angus ndiye aliyefukuzwa bondeni ili kondoo wa tajiri wapate malisho, akaja kuanza upya huku pwani ya kisiwa, juu ya mawe yasiyotakiwa na mtu. Torquil alibeba mwani mgongoni uwe mbolea, mpaka mawe yale yakatoa viazi. Finlay alichimba mifereji ya konde la chini kwa sepetu, vipupwe kumi na kimoja, na uzeeni akalinunua shamba zima kutoka kwa mwenye kisiwa, akafa hadaiwi na mtu. Dolina naye alipika kwenye jiko la hospitali bara miaka thelathini na minne, kisha akarudi na mumewe Walter, wakajenga nyumba kwa mikono yao wenyewe juu ya ardhi ya baba yake.

Walter alikuwa mtu wa bara. Huku kwetu mkwe wa bara anaweza kukaa miaka ishirini na bado akaitwa mgeni. Lakini siku ya kwanza alipokwenda dukani kwa Ewen kuchukua simenti, Ewen alifungua daftari akaandika Finlay, bila kuuliza. Kila nyumba kijijini ilinunua kwa jina la mzee wake, awe hai au kaburini; kulifuta jina ilikuwa sawa na kumzika mtu mara ya pili. Walter alirudi anatabasamu.

"Nimeandikwa kwa Finlay," alimwambia mkewe. "Sasa mnitafutie na kondoo."

Hakutaka tena kununua kwa jina lake mwenyewe. Mbao, vigae, mabomba, madirisha, vyote Finlay. Kila risiti aliitia kwenye kopo la biskuti, maana anayejijengea nyumba yake hurudishiwa kodi aliyokatwa kwenye vifaa. Huomba mara moja tu, ndani ya miezi sita baada ya nyumba kukaguliwa. Fedha hizo, paundi elfu kumi na nne, ndizo zingemaliza mkopo wa benki. Zisipopatikana, konde la chini lingeuzwa, na konde lile Dolina alikuwa amemwahidi Marsali, binti ya marehemu kaka yake, kwa ajili ya kondoo wake.

Walter alianguka akafa mwezi Machi, akipachika mlango wa jikoni. Hakulala ndani ya nyumba ile hata usiku mmoja.

Nyumba ikakaguliwa, na baadaye Dolina akatuma kopo zima la risiti. Baada ya wiki tisa akapigiwa simu na kijana wa ofisi ya kodi, mwenye adabu zake.

"Mama, huyu Bwana Finlay ni nani kwako?"

"Baba yangu."

"Basi kazi ni ndogo. Aandike barua, atie sahihi, kwamba vitu alikununulia wewe."

"Sahihi hataweza."

"Anaumwa?"

"Tulimzika miaka kumi na tisa iliyopita."

"Samahani, mama. Sasa marehemu amenunuaje vigae mwaka juzi?"

Dolina alimweleza habari ya daftari. Kijana alisikiliza mpaka mwisho, akasema anaelewa, lakini karatasi haielewi. Labda mwenye duka azitoe risiti upya. Ewen alikuwa ameshafunga duka na kuhamia ng'ambo kwa mwanawe, na madaftari yake alikuwa ameyatia motoni.

Zilibaki siku nne miezi sita itimie. Marsali alikuja na kalamu.

"Shangazi, si uandike wewe hiyo barua, uweke tarehe ya zamani? Nani atakwenda makaburini kumuuliza babu?"

"Hakuna."

"Basi andika. Yeye mwenyewe angecheka."

Dolina alishika kalamu. Aliitazama karatasi mpaka chai ikapoa, kisha akairudisha kalamu mezani.

"Babu yako aliandika jina lake mara mbili tu maishani. Siku aliyooa, na siku aliyonunua ardhi hii. La tatu simwandikii mimi, tena la uongo."

"Na konde langu?"

Dolina aliikunja ile karatasi tupu.

Konde la chini lilinunuliwa na mtu wa bara anayetaka kuweka vibanda vya watalii. Siku walipokuja kupima, Dolina alifunga pazia. Marsali alisimama kwenye dirisha jingine akawahesabu kondoo wake, ambao ilikuwa lazima awapunguze nusu.

"Marsali, mwanangu, njoo hapa," Dolina alisema. "Kesho nenda duka jipya la gatini, ukachukue senyenge ya mpaka. Usiseme wa kwa Finlay. Waambie waandike jina lako wewe, lote. Na mimi nikifa, kabla hujarudi kutoka makaburini, pita huko uwaambie wanifute daftarini, asije mtu akanunua kwa jina langu."