Kipande cha Nta

Fundi wa maabara ya meno, ambaye kliniki nzima ilimwita Mama Plasta, hakuwa na heshima hata ya kuazima kwa daktari wa waya za kunyoosha meno. Alimpachika jina la Daktari Tabasamu. Kazi yake nini, kama si kunyoosha meno sita ya mbele, kupiga picha na kuitundika mapokezini? Magego ya nyuma yakutane, yanuniane, shauri yake mgonjwa. Eti bingwa! Bingwa wa fremu.

Kawaida ya kazi, mgonjwa hung'ata kipande cha nta laini, ili fundi ajue meno ya juu yanavyokutana na ya chini kabla hajaunganisha mifano ya plasta ya meno hayo. Daktari Tabasamu hakuwahi kumletea nta. "Unganisha kwa jicho, mama, wewe mzoefu." Mama Plasta alikuwa akisonya, anaiunganisha kwa jicho meno yakutane vizuri, anaandika jina lake mwenyewe chini ya mfano, na kumdharau zaidi.

Kisha ikaja zamu ya binti wa mdogo wake. Alikuwa na waya mdomoni miaka miwili, na kesho yake zilikuwa zitolewe. Mchana alipita maabara, anatafuna mkate upande mmoja.

"Huo upande mwingine umeupa likizo?"

"Haukutani, mama mkubwa. Na taya linauma hadi sikioni. Daktari anasema nitazoea."

Alimpa nta ang'ate. Kulia ilitoboka. Kushoto ilitoka nene vilevile, haina hata alama. Mama Plasta alimshika binti mkono wakaingia kwa daktari bila hodi.

"Kesho hutoi kitu! Huyu atatafunia upande mmoja mpaka magego yasagike. Mtu hali kwa picha, daktari."

Daktari alifungua kabati, akatoa mfano wa plasta wa meno ya binti, wa mwezi uliopita. Meno ya juu na ya chini yalikutana barabara.

"Nilitazama huu nikajua kumekaa sawa," alisema, akaugeuza. Chini palikuwa na mwandiko wa Mama Plasta.

Mama Plasta alilisoma jina lake. Wapuuzi walikuwa wawili, na mmoja alijua kazi.

"Waya zibaki," daktari alisema kwa aibu. "Miezi kumi. Labda mwaka."

Binti alikuwa bado ameshika ile nta.

"Mama mkubwa, kila Jumapili nakula kwako. Mbona hukuniambia ning'ate?"