Ngusa na Bomba Lililovunjika kama Chungu

Fimbo ya kwanza ilimpata Ponsian sikioni, ya pili mgongoni, na ya tatu hakuna aliyeiona kwa sababu kufikia hapo kila mtu alikuwa akipiga. Ilikuwa saa nne asubuhi, mwezi wa nane mwaka 1996, ukingoni mwa msitu nje kidogo ya Misunkumilo, wilayani Mpanda. Maji yalifoka kutoka kwenye bomba la plastiki na kugeuza vumbi kuwa tope, na ndani ya tope hilo Ponsian, mfuga nyuki wa Kikonongo, alitambaa akitafuta pa kuficha kichwa.

"Nimekata nini mimi?" alilia. "Nyie, nimekata nini?"

"Na panga hilo je? Umekuja kunyolea nyuki ndevu?"

Waliokuwa wakimpiga ni sungusungu, walinzi wa jadi ambao wafugaji wa Kisukuma walihama nao kutoka kaskazini kama walivyohama na ng'ombe wao. Ukipigwa mwano, yaani yowe la hatari, kila mwanaume huacha alichoshika na kukimbilia lilikotoka. Siku hiyo mwano ulipigwa na Nyanzala. Alikuta birika la kunyweshea mifugo likiwa tupu, akalifuata bomba hadi msituni, akaona maji yakimwagika na Ponsian amesimama kando yake na panga mkononi. Hakuuliza. Alipiga yowe.

Mume wa Nyanzala ndiye aliyelijenga bomba lile. Jina lake Ngusa Kashinje, na habari hii ni yake.

Alizaliwa Maswa. Aliingia Mpanda mwaka 1984 pamoja na baba yake na ng'ombe sitini, na ndani ya miaka mitatu mbung'o waliwamaliza ng'ombe wote. Asiye na ng'ombe miongoni mwa Wasukuma hulazimika kutafuta jina jingine, na Ngusa alilipata sokoni: fundi wa plastiki. Aliketi kwenye kigoda mbele ya jiko la mkaa, visu vitatu vikiwa vimezama kwenye makaa, akichomelea ndoo zilizotoboka, madumu, na zaidi ya vyote viatu vya sandaki, vile vya plastiki vilivyovaliwa na kila mtu hadi vikatike mikanda. Aliijua plastiki kwa pua. Akinusa moshi wake alikuambia hii ni ya ndoo, hii ni ya kiatu, hii ni ya bomba.

Kwa hiyo wafugaji walipopata mabomba ya kushusha maji kutoka chemchemi ya mlimani, mita mia tatu hivi, hawakutafuta fundi mwingine. Njia ilipita katikati ya miti ambayo Ponsian alitundika mizinga yake. Ponsian hakupinga. Yeye na Ngusa walikuwa wamefanyana watani tangu siku ya kwanza walipokutana, na utani wao ulikuwa mkali.

"Siku moja nitalikata bomba lenu," alisema Ponsian kwenye pombe, watu wote wakisikia, "nipate mizinga kumi. Nyuki wangu wakae nyumba ya plastiki kama wazungu."

"Kata tu," Ngusa alimjibu. "Mkonongo na maji wapi na wapi? Wewe unaoga asali."

Walicheka hadi wakamwaga pombe.

Tatizo lilikuwa gundi. Mabomba yale huunganishwa kwa gundi maalumu, na gundi ilikuwa ije kwa treni kutoka Tabora. Treni ilikuja mara mbili bila gundi. Malale, kaka yake Nyanzala na kamanda wa sungusungu, alikuwa na ng'ombe mia mbili wenye kiu.

"Shemeji," alisema, "ng'ombe hawanywi gundi. Wanakunywa maji."

Ngusa akafanya alichozoea. Alipasha mdomo wa kila bomba juu ya moto wa wazi hadi ukalegea, akaupanua kwa mti uliochongwa, akausokomeza juu ya bomba la pili ukiwa bado wa moto. Viungo vingi vilikubali. Kimoja, kule kwenye mizinga, alikipulizia moto kwa mivukuto ili kiwahi kulegea. Plastiki ikageuka ya njano, kisha ya kahawia, kisha nyeusi, na moshi wake ukamchoma macho mpaka akatokwa machozi. Alijua kwamba kimeharibika. Bomba la akiba halikuwepo. Alikikwangua kwa kisu, akakipaka rangi ya kijivu, akaenda zake.

Sasa, mwano ulipopigwa, alifika mbio na mfuko wa zana begani, akapita katikati ya fimbo, akainama kwenye bomba. Palipovunjika palikuwa pale pale. Panga likikata bomba huacha mdomo laini wenye makovu ya makali. Hapa kingo zilikuwa na meno kama kigae cha chungu, na ndani, chini ya rangi ya kijivu, palikuwa peusi.

Ngusa alinyamaza.

Aliniambia hivyo mwenyewe mwaka uliofuata, na sitaki kumpunguzia. Alinyamaza kwa sababu aliijua kanuni ya sungusungu: anayesababisha mtu apigwe bure hupigwa yeye kipigo kile kile. Alinyamaza huku Malale akipaza sauti, "Si alisema mwenyewe kwenye pombe? Si mlimsikia?" na watu wakiitikia, "Tulimsikia!" Hata wale waliocheka siku ile waliitikia. Ponsian alimwona Ngusa kati ya miguu ya watu. Uso wake ulikuwa damu na tope.

"Mtani," alisema, "waambie ulikuwa utani."

Ngusa aliliinamia tena bomba. Ndipo rungu la Malale likashuka, Ponsian akalikinga kwa mkono wa kushoto, na mfupa ukalia. Kila mtu aliusikia.

"Acheni!" Ngusa alipiga kelele. "Ni mimi! Hakuna aliyekata! Ni kiungo changu!"

Malale aligeuka, akihema. "Unamtetea kwa sababu ya asali yake, shemeji?"

"Lete rungu."

Ngusa aling'oa kipande kizima cha bomba, akakilaza juu ya jiwe, akakipiga kwa nguvu zake zote. Kilibonyea, kikafanya alama nyeupe, hakikupasuka. Kisha akachukua mdomo ulioungua, akaupiga nusu ya nguvu zile. Uliruka vipande vipande. Kimoja kilimchana mzee mmoja shavuni. Ngusa akaokota kipande kingine, akakwangua rangi kwa kucha, akawaonyesha weusi wake.

"Niliuunguza. Nikaupaka rangi msiuone. Asubuhi ya baridi kama hii, maji yakisukuma, lazima uvunjike. Panga la Ponsian ni la kufyekea njia ya mizinga. Mnalijua wote."

Fimbo zilishushwa moja moja.

"Mwano nilipiga mimi," Nyanzala alisema, akijipenyeza mbele ya mumewe. "Nipigeni mimi."

"Ulipiga kwa kuona maji," Malale alimjibu dada yake. "Yeye alinyamaza kwa kuona ukweli. Ondoka hapo, Nyanzala."

Alipoona haondoki, alimsukuma, akaanguka kwenye tope. Kisha akamwambia shemeji yake alale kifudifudi. Walimpiga kwa fimbo zile zile. Malale alianza, na wengine wakapokezana, mpaka shati likaingia ndani ya nyama. Ubavu mmoja ulivunjika. Wakati huo Ponsian alikuwa ameegemezwa kwenye mti, mkono umening'inia, akitazama. Hakusema waache. Hakusema waongeze.

Walimbeba Ponsian hadi hospitali kwa kitanda cha kamba. Alipona, lakini mkono ulijiunga umepinda na vidole viwili havikufunga tena. Mfuga nyuki hupanda mti kwa kamba na mikono miwili. Tangu siku ile mizinga yake ilihudumiwa na wengine, na asali akagawana nao.

Mimi nilifika Mpanda Januari 1997, kijana mwenye shahada mpya ya kemia na hamu ya kuitumia, nikapangiwa kufundisha sekondari. Nilipeleka kiatu kwa Ngusa, naye alipojua nafundisha nini, aliniuliza swali ambalo hakuna profesa aliyewahi kuniuliza kwa uso kama ule: "Mwalimu, kwa nini moto unaiondolea plastiki nguvu yake?"

Nilimweleza kadiri nilivyoweza. Plastiki ya bomba huitwa vinili. Imeundwa na minyororo mirefu mno ya chembe ndogo, na kila mnyororo umebeba klorini. Moto ukizidi, klorini hubanduka na kutoka kama tindikali. Ndiyo inayochoma macho. Tindikali hiyo huchochea minyororo mingine kuoza, na kinachobaki ni kitu cheusi kisichostahimili pigo. Viwandani huongeza vitu vya kumeza tindikali, vitu vya kuifanya vinili iteleze inapoyeyuka ili isihitaji moto mkali, na punje za plastiki yenye tabia ya mpira, ili ufa ukianza kukimbia ukutane na kitu laini, usimame.

"Laini ndiyo inazuia kuvunjika?" aliuliza.

"Laini kidogo ndani ya ngumu. Siyo peke yake."

Alitazama rundo la viatu vibovu vya sandaki nyuma yake. Navyo ni vinili, ila vimelainishwa kwa mafuta.

Ilimchukua miezi minne. Alikereza mabaki ya bomba yakawa unga, akakatakata sandaki vipande vidogo kama kisamvu, akachanganya kwa vipimo vya kijiko. Sandaki ikizidi, kiungo kilivimba kama puto, ikipungua, kilipasuka. Aliongeza chokaa kidogo, na moshi ukaacha kuuma macho. Aliongeza sabuni ya mche iliyokunwa, na uji wa plastiki ukaacha kunata kwenye kibao. Moto wa wazi aliuacha kabisa. Alijaza sufuria mchanga, akaupasha, akafukia mdomo wa bomba humo, ukalegea taratibu bila kubadilika rangi. Kisha aliuvika pete ya mchanganyiko wake na kuibana kwa vibao hadi ipoe. Kwa kila pete aliyotengeneza, alitengeneza ya pili kama hiyo na kuijaribu kwa nyundo. Mara moja sufuria ilipinduka, mchanga wa moto ukamla ngozi ya mguu; alifunga kitambaa, akaendelea. Nyanzala alimwambia anajiua kwa ajili ya bomba. Alimjibu kwamba kuna mtu aliyekaribia kufa kwa ajili ya bomba, na hakuwa yeye.

Mwezi wa sita bomba lilikuwa limelazwa upya, isipokuwa kwenye miti ya Ponsian. Hapo Malale mwenyewe alisema hawezi kuvuka bila ruhusa. Ngusa alikwenda kuiomba, akibeba viungo vya kufungwa hapo, nami nilifuatana naye.

Ponsian alitusikiliza akiwa amekaa mlangoni. Kisha akainuka, akachukua shoka kwa mkono wa kulia.

"Laza viungo vyako," alisema.

Ngusa alivilaza kwenye mawe, vinane. Ponsian alipiga kila kimoja kwa kisogo cha shoka. Alipiga kama mtu asiyepiga plastiki. Viungo vilibonyea, vikawa na alama nyeupe, shoka likaruka na kurudi. Jasho lilimtoka. Kwenye cha mwisho alipiga mara tano, sita, akipiga kelele kwa Kikonongo maneno niliyofurahi kutoyaelewa, na pigo moja lilitua sentimita chache tu kutoka vidole vya Ngusa, aliyekuwa amekishikilia. Ngusa hakuondoa mkono.

Kiungo hakikupasuka.

Ponsian alitupa shoka chini, akashika mkono wake uliopinda kwa ule mzima.

"Maji yapite," alisema. "Ng'ombe hawakunikosea."

"Asante, mtani," Ngusa alisema.

"Usiniite hivyo." Hakupaza sauti. "Maji yapite. Wewe usipite. Nikikuona chini ya miti hii nitakuua, na wakija sungusungu nitawaambia ukweli kabla hawajauliza."

Viungo vile vinane vilifungwa na Malale, huku Ngusa akimwelekeza kwa sauti kutoka barabarani. Hadi nilipohamishwa kutoka Mpanda mwaka 1999 havikuwa vimevuja. Ngusa akienda chemchemini kukagua bomba lake huzunguka kilima chote, mwendo wa saa nzima, na ubavu bado unamuuma anapopanda.