Meno ya Mal-sun

Pyo Mal-sun aliuza kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, na dagaa wa kukaanga katika soko la Gunsan, Korea. Mumewe alipofariki, maua ya mcheri yakiwa yameanza kupukutika, hakulia. Aliwapokea waombolezaji, akawapa supu, akainama kila alipoinamiwa. Mazishi yalipokwisha akafungua duka. Wifi yake, Gil-rye, mwenye meza ya samaki mkabala naye, alilia mpaka sauti ikamkauka. Jicho kavu la Mal-sun hakulisamehe.

"Ana moyo wa jiwe huyo," aliwaambia wateja, Mal-sun akisikia. "Kaka yangu hajapoa kaburini, yeye anapima dagaa!"

Mal-sun aliendelea kupima dagaa. Hata hasira aliitafuta moyoni asiione.

Vuli ilipoingia, gego lilimuuma hata asiweze kutafuna wali. Gil-rye ndiye aliyemfungia duka na kumburuta kwa Daktari Tak, akimgombeza njia nzima. Daktari alimpitishia mdomoni kikamera chenye umbo la mswaki, na meno yote yakatokea kwenye skrini, ya kugeuzwa huku na huku. Kisha akaleta picha ya mwaka uliopita, akazilaza moja juu ya nyingine. Palipobadilika pakawa pekundu. Magego yote yalikuwa mekundu.

"Mama, unasaga meno usingizini. Mwaka jana hukuwa hivi."

"Mimi? Nalala kama gogo."

"Gogo halisagi meno, mama. Hili limeshaingia ufa."

Mal-sun aliutazama ule wekundu kama anayetazama nyumba ya jirani. Aliyebadilika uso ni Gil-rye.

"Ameanza lini, daktari?"

"Picha haisemi siku. Ni kati ya ile na hii."

Gil-rye akahesabu miezi: kaka yake alifariki katikati hapo. Walipotoka nje alimshika wifi yake mkono.

"Leo unakula kwangu. Nakupikia uji."

"Sina njaa."

"Nani kakuuliza njaa?"

Alikula, ingawa ladha hakuisikia. Gego lenye ufa likavishwa kofia ngumu ya kulikinga, naye akatengenezewa kinga ya plastiki ya kuvaa akilala. Baridi ilipokwisha walirudi. Picha mpya ikalazwa juu ya ile ya vuli, na wekundu haukuonekana. Gil-rye alipiga makofi kama mtoto.

"Umeona, wifi? Umeona?"

"Nimeona," alisema Mal-sun, akauliza kama anaweza kwenda, maana kabichi zilikuwa njiani.

Mpaka leo hajalia. Sokoni, mteja akilitaja jambo hilo, Gil-rye humkatiza: "Nunua samaki, nenda zako."