Posa Iliyofanyiwa Mazoezi Nangurukuru

Juzi nilikuwa nasubiri basi Nangurukuru, kwenye banda la mama ntilie. Meza ya pili alikaa mzee wa kanzu na binti wa mdogo wake, mwanafunzi wa chuo. Binti alikuwa akimsindikiza mzee, aliyekuwa anakwenda Njinjo kuposa kwa niaba ya kaka yake huyo binti. Safari ya kwanza mzee alisema yote kabla hajakaa vizuri. Wenyeji wakaona wanaharakishwa, wakamrudisha bila jibu.

"Hivi huko chuo unasomea nini hasa?" mzee aliuliza.

"Uongozaji wa tamthilia, baba mkubwa. Mwigizaji akae wapi, anyamaze lini."

"Hee! Kunyamaza nako kunasomewa?"

Mama ntilie alicheka hadi akaweka upawa chini. Binti hakucheka. Aligeuza kiti, wakatazamana.

"Haya, mimi ndiye baba wa mchumba. Nipe posa."

Mzee akakohoa. "Tumekuja kuomba..."

"Bado. Hata habari za safari sijakuuliza. Kunywa chai."

Mzee akanywa. Binti kimya, mzee kimya, nami kwenye meza yangu nimeshika chapati bila kuila.

"Karibu," binti akasema hatimaye. "Kuna jambo?"

"Lipo," mzee akajibu, taratibu, kwa sauti iliyotulia.

Nilidhani mwongozaji hufundisha watu kusema.

Gari la Njinjo likapiga honi. Mzee akapanda, akakaa, kisha akatoa kichwa dirishani.

"Na mikono, mwanangu? Niiweke wapi?"