Mchwa Hawali Saruji

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, mama mkubwa Damari hufunua kilindo kilichosimama nyuma ya jiko, huchota punje moja ya uwele na kuivunja kwa jino la upande wa kulia. Kisha husikiliza. Punje kavu hulia. Yenye unyevu hupasuka kimya, na hiyo ni habari mbaya. Ikilia, hutema makapi, hufunika kilindo, ndipo huanza kuitikia shikamoo zetu. Ukimwamkia kabla ya hapo hajibu. Anainua kidole tu: subiri.

Kilindo ni gome la mti lililoviringishwa na kushonwa, lenye kimo cha kufika kiunoni mwa mtu mzima. Hapa Kintinku kila nyumba ilikuwa nacho, na ndani yake hakiwekwi chakula bali mbegu. Mbegu kwetu haiuzwi. Jirani akipungukiwa anaomba, anapewa, na akivuna anarudisha ikiwa imejaa mpaka inafanya kilele. Kuna sharti moja ambalo hata watoto wanalijua: aliyetoa haendi kuidai. Anasubiri iletwe. Kwenda kuidai mbegu ni kumwambia mwenzako, mbele ya wanawe, kwamba amesahau utu.

Damari alizaliwa hapa, akaolewa hapa hapa na Stefano, aliyefanya kazi kwenye genge la reli. Watu walipopunguzwa kazini, Stefano alirudi nyumbani na koleo lake, akalima kidogo, akafariki kwa homa. Ndugu wa Damari walimtaka arudi nyumbani kwa wazazi wake. Hakurudi. Alianza kuchemsha mayai na kuku akiwauzia abiria madirishani, na aliijua treni vizuri hata akajua behewa la daraja la tatu litasimama usawa wa jiwe gani. Malori ya watu binafsi yalipoanza kuja kununua nafaka shambani, jambo ambalo zamani halikuruhusiwa, yeye ndiye aliyewaambia akina mama waweke kando kwanza, wauze baadaye. Akaanzisha kikundi, na kikundi kikajenga ghala.

Lilikuwa ghala zuri, la bati na sakafu ya saruji. Walilijenga karibu na stesheni, chini ya tuta la reli, ili magunia yasibebwe mbali. Damari akapita nyumba kwa nyumba kuwashawishi wenzake wahamishie humo na mbegu pia, maana matembe yetu, nyumba za miti na paa za udongo, yana mchwa. Wa mwisho kukubali alikuwa Yunisi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, aliyesisitiza kuwa mbegu hulala na mwenye nyumba. Damari alimjibu kwa maneno yaliyokuja kuzunguka kijiji kizima.

"Mchwa hawali saruji."

Yunisi akatoa mbegu yake. Damari naye akapeleka ya kwake, yote.

Nilifika kwake mwaka wa mvua za Elinino, nikiwa nimemaliza chuo kikuu na nikingojea majibu ya maombi ya kazi. Treni ilinishusha, na haikupita muda reli ikakatika, nikabaki. Mvua ilinyesha bila kupumzika. Matembe kadhaa yaliporomoka kwa uzito wa udongo wa paa, hivyo sote tulikuwa tukitazama juu, tukigonga nguzo kwa kiganja na kusikiliza kama zimeoza. Hatari ilitokea chini. Maji ya makorongo yalifika kwenye tuta la reli, yakakosa pa kupita, yakajaa nyuma yake kama bwawa. Ghala lilikuwa upande ule ule. Lilipofunguliwa, mbegu ilikuwa imevimba, inanuka kama pombe iliyoharibika.

Yunisi alisimama mlangoni, tope likimfika magotini.

"Mchwa hawali saruji, Damari," alisema. "Maji je?"

Damari aliingia, akaokota punje moja, akaiweka jinoni. Haikulia. Akaitema, akatoka nje na kutazama mashamba. Mvua ilikuwa imepungua na maji yalianza kujivuta kurudi bondeni, yakiacha udongo mweusi uliolowa vizuri. Uwele ukiwahi udongo ule utakomaa. Ukichelewa, ardhi itakauka na kupasuka, na kwa kuwa mwaka uliotangulia jua lilikuwa limeunguza kila kitu huku bondeni, hakuna nyumba iliyokuwa na akiba ya kuvumilia njaa ya pili. Jambo lenyewe lilikuwa hilo tu: mbegu, sasa hivi. Damari akamgeukia Yunisi.

"Shingo yako bado ina nguvu?"

"Ya kubebea nini?"

"Kesho tunapanda mlima."

Juu ya ukingo wa bonde, huko Kilimatinde, alikaa mzee Alute. Nyuma kidogo, ndege aina ya kwelea walimaliza shamba lake, akashuka kwetu kuomba mbegu, na Damari akampa kilindo kizima. Yunisi alimcheka siku ile, akisema anafuga ndege wa watu. Sasa tulipanda kwa Alute wanawake wa kikundi karibu wote, na mimi nyuma yao na kikapu changu. Njiani Yunisi ndiye aliyesema lililokuwa mioyoni mwa wote: kwamba kwenda kudai mbegu hakujawahi kufanywa, na tutaimbwa kwenye ngoma za wenzetu. Damari alikaza kanga yake kiunoni, akaendelea kupanda.

Tulikuta tumetanguliwa. Melkiori, mfanyabiashara wa Manyoni, alikuwa ametundika mizani yake kwenye nguzo ya boma, na vijana wa mzee walikuwa wanaleta magunia matupu. Njaa ya bondeni ilikuwa imepandisha bei, na mzee hakuwa amekataa. Melkiori alipotuona alitukaribisha kwa furaha ya mtu anayeona wateja.

"Karibuni, akina mama. Siku hizi ni soko huria, kila mtu anapata."

Damari alimsalimu kwa adabu, akampita. Alimwamkia mzee Alute, akaketi, akaomba maji, akanywa taratibu. Akauliza habari za ng'ombe, za wajukuu, za mguu wa mzee uliokuwa ukimsumbua. Hakutaja mbegu. Niliona mzee akitazama vikapu vyetu vitupu, kisha miguu yetu yenye tope mpaka magotini, kisha magunia ya Melkiori. Uso wake ulibadilika polepole.

"Ningeileta, mwanangu," alisema.

"Najua, baba. Njia ya kushuka imeharibika. Nikaona nikupunguzie safari."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Kisha akamwita mwanawe mkubwa, Bonifasi, akamwambia afungue vilindo na siyo magunia. Bonifasi alinung'unika kwamba mizani iko tayari. Mzee akasema mizani ni ya chakula. Hii ni mbegu, na mwenyewe ameketi hapa. Melkiori alikuwa mtu wa biashara lakini alizaliwa vijijini kama sisi. Alishusha mizani yake, akasaidia kushika kikapu cha Yunisi kikijazwa.

"Mama," alimwambia Damari, "wewe ungekuwa na lori, mimi ningelala njaa."

Tuliteremka na mbegu kichwani. Damari alianzia kwa Yunisi, akampimia kabla ya kujipimia mwenyewe. Uwele uliota. Ulipovunwa, ghala lilijengwa upya, safari hii kwenye kilima cha nyuma ya stesheni, na ni la chakula peke yake. Mbegu hailali tena mahali pamoja. Kila nyumba ya bondeni ina kilindo kwenye nyumba fulani ya mlimani, na wa mlimani wana vyao kwetu. Maji yakija wao wako juu, na ndege wakija sisi tuko chini. Yunisi husema wazo ni lake, kwamba alisema tangu mwanzo mbegu ilale na mwenye nyumba, ila hakutaja nyumba ya nani. Damari humwachia.

Ndiyo maana kile kilindo cha nyuma ya jiko si chake. Ni cha mzee Alute. Chake kiko Kilimatinde, na nadhani huko nako kuna mtu anayevunja punje kwa jino kila kunapokucha.

Siku moja kabla sijaondoka kwenda kuanza kazi, tulikuwa tunachambua uwele uani, na kwa kuwa mimi si muulizaji nilikuwa nimelibeba swali langu muda mrefu. Nikamwuliza kama hakuona aibu siku ile, kupanda mlima kwenda kudai mbegu aliyoitoa.

Alipuliza makapi kwenye ungo.

"Niliona," alisema. "Lakini ardhi ilikuwa bado ina maji."