Pembe Mbili za Lokori

Enzi zetu, mtoto wa Lodwar aliyetaka kuwa mshairi hakuhitaji simu. Alihitaji koo, kisa, na miguu ya kukimbilia. Mimi nilikosa miguu.

Leo kwenye mikutano ya Kakuma natambulishwa kama mshairi wetu wa vichekesho, baada ya maombi na kabla ya chakula, saa ambayo hakuna anayenisikiliza. Nimeghani kwenye harusi, nimeghani hata choo cha soko kikifunguliwa, nikashukuriwa kwa soda moto. Lakini shairi lililonipa makofi mengi kuliko yote nililitunga darasa la sita, na ndilo ninalolionea haya.

Wa rika langu mnakumbuka. Kila mwanamume alikuwa na maksai wake wa kuimbiwa, akamkunja pembe angali mdogo, na watu wakamwita mwenyewe kwa jina la ng'ombe. Wa baba yangu, kule nyumbani Lorugum, nje ya Lodwar, aliitwa Lokori, madoadoa kama twiga. Pembe moja ilikubali kukunjwa, nyingine ikakataa. Jioni baba aliinua mikono kwa umbo la pembe hizo, wa kushoto ukining'inia, akaimba. Sisi watoto, tukinuka moshi na maziwa, tulifinyana tusicheke.

Siku ya wazazi shuleni nikasimama:

*Ng'ombe wa baba Lokori, pembe zake zina vita,*
*Moja yaenda safari, moja nyumbani yajuta.*

Walimu walishika mbavu. Baba, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia sukari, alicheka nao kwa fahari. Kisha jirani akamtafsiria. Aliinuka, akachukua kigoda chake, akaenda zake.

"Umemcheka Lokori," mama aliniambia, "basi umemcheka baba yako mbele ya watu."

Tangu siku hiyo baba hakuimba nikiwepo. Lokori akafa kwa ukame, na baba hakutafuta mwingine. Mimi nikawa mtu mzima hodari wa maneno. Kila nilipokwenda Lorugum nilibeba sukari na tumbaku, msamaha nikausahau Lodwar. Niliogopa, ndiyo kweli yenyewe.

Mwezi uliopita mzee akaniambia ghafla nimghanie lile la Lokori. Nilianza, nikakwama baada ya mstari wa pili. Mamia ya mashairi, na hilo limenitoka! Baba akatazama chini, akaendelea mwenyewe kwa Kiswahili chake cha sukari, hadi mwisho:

*Akitazama hatari, nyuma ya mbuzi apita,*
*Baba amwita jabari, mimi namwita matata.*

Na mikono ikapanda, wa kushoto ukining'inia.

"Mimi nilimwimba nilivyotaka awe," akasema. "Wewe ulimwimba alivyokuwa."

Nililia bila kujificha.

Siku hizi vijana wa Kakuma wananirekodi kwa simu, kufikia jioni wameshafuta. Nawatania kwamba enzi zetu mashairi tulihifadhi kichwani. Siwaambii kichwa cha nani.